Siku Moja Mji Mkongwe, Kabla Ngoma Haijalia

Paukwa! Waliojibu "pakawa" wasogee karibu, maana hadithi ya leo ni ya miguu, na miguu itachoka kabla ngoma haijalia. Baba Nuru na Mama Nuru nimewatunga mwenyewe. Mji wanaoutembea, kuta wanazozigusa na tamasha wanalolingoja ni vya kweli.

Basi, Baba Nuru na mkewe wanakaa Morogoro. Mwezi wa Februari walimwacha Nuru kwa bibi yake, wakapanda basi mpaka Dar es Salaam, wakalala kwa ndugu, na alfajiri wakawa bandarini. Mkobani mwao mlikuwa na tiketi mbili za Sauti za Busara, tamasha la muziki linalofanyika Ngome Kongwe, kisiwani Unguja. Tamasha hilo lilianza mwaka 2004, na sharti lake ni moja: anayepanda jukwaani apige na kuimba papo hapo. Hakuna kufungulia wimbo uliorekodiwa kisha kutikisa midomo. Baba Nuru alikulia katika nyumba ambayo redio haikupumzika kwa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na kwake sharti hilo peke yake lilitosha kumvusha bahari.

Boti ilichukua kama saa mbili. Asubuhi ilikuwa bado mbichi waliposhuka bandarini Malindi, na muziki ni wa jioni. Baba Nuru akashauri watafute chumba chenye feni, walale mpaka alasiri.

"Kulala tungelala Moro, Baba Nuru," mkewe akamjibu. "Huku tumekuja kuona."

Mimi niko upande wa Mama Nuru. Muziki wa Unguja umetoka katika mji wenyewe: bandarini, sokoni, barazani, na mahali pamoja penye majonzi ambapo tutafika. Atakayelala mchana kutwa ataisikia sauti usiku, lakini hatajua imetoka wapi.

Simameni nao kwanza hapo bandarini, muuhisi upepo. Februari ni msimu wa kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki tangu mwishoni mwa mwaka hadi karibu Machi. Kwa karne nyingi, kabla ya injini, upepo huo ndio uliosukuma majahazi kutoka Oman, Ghuba ya Uajemi na India mpaka pwani yetu, yakiwa na tende, vitambaa na vyombo vya kauri. Kurudi hakukuwezekana mpaka upepo ugeuke, kusi ianze kuvuma. Kwa hiyo mabaharia walikaa. Walikaa miezi, na mtu akikaa miezi huuza, hununua, hujifunza lugha, huoa, na jioni hutoa ala yake akaipiga. Wenyeji nao walikuwa na ngoma zao. Hivyo ndivyo udi wa Uarabuni na ngoma za huku vilivyoanza kujuana. Tamasha la leo huangukia katika msimu uleule majahazi yalipokuwa yakitia nanga, na kwa bahati njema ni kabla ya masika, kwa hiyo jukwaa lisilo na paa halina hofu kubwa ya mvua.

Kutoka Malindi walifuata barabara mpaka Darajani. Jina limebaki, daraja halipo. Zamani mkono wa bahari uliingia hapa ukautenga Mji Mkongwe na upande wa pili, watu wakawa wanavuka kwa daraja. Baadaye maji yalifukiwa, ikawa barabara. Soko lililopo pembeni lilijengwa mwaka 1904, na asubuhi kelele zake ni za mnada wa samaki: pweza, changu, jodari, na mnadi anayepandisha bei kwa mapigo ambayo Baba Nuru alijikuta anayafuata kwa mguu. Mama Nuru alinunua mdalasini na iliki, akavitia mkobani.

Wageni wengi, wakitoka sokoni, hurudi upande wa vichochoro vya Mji Mkongwe. Mama Nuru alifanya jambo ambalo nawasihi nanyi mlifanye siku mkifika: alivuka barabara kwenda Ng'ambo, ule upande wa pili. Leo huko utayaona majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Lakini Ng'ambo ni ya zamani kuliko majumba hayo. Huko ndiko walikoishi wachukuzi, wavuvi, mafundi na watu waliotoka utumwani, na huko ndiko aliishi mwanamke aliyebadilisha muziki wa pwani yote.

Jina lake Siti binti Saad. Alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji. Upande wa baba ukoo wake ni Wanyamwezi, upande wa mama Wazigua. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akavibeba kichwani kwenda kuviuza. Kunadi kwake kulikuwa kwa kuimba. Watu walimjua kwa sauti kabla hawajamwona sura, na akina mama walitoka nje kumsubiri hata kama chungu hawakihitaji.

Siku hizo taarabu ilikuwa muziki wa jumba la mfalme. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, ili aje kuburudisha ikuluni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama cha taarabu, Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, wakipiga wanaume, wakisikiliza wakubwa. Siti, mwuza vyungu kutoka Fumba, akaziimba kwa Kiswahili. Aliimba habari za mtaani: tajiri aliyedhulumu, kesi iliyoamuliwa kwa upendeleo, mapenzi yaliyovunjika. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, mji ambao leo unaitwa Mumbai, wakarekodi santuri. Santuri hizo zilirudi na meli, zikapigwa kwenye migahawa ya pwani, na watu ambao hawakuwahi kusikia lugha yao ikitoka kwenye chombo cha kuzunguka waliganda wakisikiliza. Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu *Wasifu wa Siti binti Saad*. Kitafuteni maktabani. Ni kitabu chembamba na hakichoshi.

Jua lilipoanza kuchoma walirudi wakavuka tena, wakaingia Mkunazini.

Hapa nitasema polepole. Mkunazini kuna kanisa kuu la Anglikana, na kanisa hilo limesimama pale palipokuwa soko la watumwa. Watu waliokamatwa bara, wengine mbali kama pande za Ziwa Nyasa na Manyema, walitembezwa mpaka pwani, wakavushwa kwa majahazi, wakauzwa hapa: wanaume, wanawake, na watoto wa umri wenu. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba aliobanwa na Waingereza kuusaini. Sikukuu ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu aliyesimamia ujenzi, Edward Steere, ndiye pia aliyekusanya na kuchapisha hadithi za Waswahili wa Unguja.

Uani pamechimbwa shimo la mraba, na ndani yake zimesimama sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Sanamu hizo zilitengenezwa na msanii Clara Sörnäs mwaka 1998. Ukisimama ukingoni unawatazama kwa juu, jinsi mnunuzi alivyokuwa akimtazama mtu. Mama Nuru alichuchumaa ili macho yake yashuke, akabaki hapo muda. Mumewe hakumharakisha.

Je, hili lina uhusiano gani na muziki? Mkubwa sana. Watu wale walinyang'anywa kila kitu cha mkononi, lakini mapigo ya ngoma za kwao hayakuwa mkononi. Ngoma ya unyago inayochezwa Unguja ililetwa na watu wa bara. Bibi mmoja wa Unguja, Bi Kidude, aliupiga unyago na kuimba taarabu mpaka uzeeni kabisa, na alipanda jukwaa la Sauti za Busara wajukuu wa wajukuu wakimshangilia. Alifariki mwaka 2013. Aliyefika Mkunazini mchana akisikia ngoma za namna hiyo usiku anajua zilivuka nini mpaka kufika.

Kutoka hapo walijiachia wapotee. Vichochoro vya Mji Mkongwe havina mpango wa mraba. Vinapinda, vinagawanyika, vinakurudisha mlangoni ulipopita dakika kumi nyuma. Usiogope. Mji ni mdogo, na ukienda upande wowote mwishowe utatokea baharini au Darajani. Ufinyu wa vichochoro ni busara ya wajenzi, kwa sababu nyumba za pande mbili hukingana jua na njia inabaki na kivuli karibu siku nzima. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko hauna urefu wa kutosha kuvuka ukumbi mpana, ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu. Mti uliamua umbo la chumba.

Mbele ya mlango mmoja Baba Nuru alisimama akakataa kuondoka. Yeye ni seremala, na seremala akikutana na milango ya Unguja safari imeishia hapo. Mlango ulikuwa na mbao mbili nene, nguzo katikati, na fremu iliyochongwa mnyororo kuanzia chini mpaka juu, ukipita kwenye mawimbi, samaki na maua ya yungiyungi. Alipitisha kidole kwenye mchongo akakuta mahali patasi ilipoteleza kidogo, na fundi akaligeuza kosa likawa jani. Juu ya mbao zilipangwa njumu za shaba zenye ncha. Mtindo wa njumu umetoka India, ambako inasemwa ziliwekwa ili kuzuia tembo wa vita wasivunje malango kwa vichwa. Unguja hakukuwa na tembo wa vita. Hapa njumu ni pambo na dalili ya mali. Na ukitaka kuitambua milango haraka: wenye kichwa cha duara mara nyingi ni wa mtindo wa Kihindi, na wenye kichwa kilichonyooka na maandishi ya Kiarabu juu yake ni wa Kiarabu.

Wazee waliokaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani wakicheza bao waliwaona, wakawakaribisha.

"Shikamooni, wazee wetu."

"Marahaba, wanangu. Kaeni, kahawa ipo."

Kahawa chungu, kikombe kidogo, na kashata ya karanga. Mzee mmoja alipoambiwa wanatoka Morogoro alianza kuwatajia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, moja baada ya nyingine, na Baba Nuru akasahau mlango. Kwa watalii wanaopita mbio na kamera, mji huu hauna mahali penye faida kuliko baraza. Kaa tu, msalimie mtu.

Alasiri waliteremka Forodhani. Jina limetoka kwenye forodha, ushuru wa bidhaa zilizoshushwa hapo. Leo ni bustani mbele ya bahari, na ukutani mwa bahari vijana wa mjini hucheza makachu: wanakuja mbio, wanaruka, wanajipindua hewani, wanaingia majini kwa namna ambayo mama yako asingependa kuiona. Nyuma ya bustani linaonekana Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, la kwanza mjini kuwashwa taa za umeme. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Inauma kulitazama. Nyumba za matumbawe na chokaa hazistahimili kuachwa. Maji yakipata njia ya kuingia ukutani, chokaa hulegea na boriti huoza kimyakimya kwa miaka. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa.

Njaa ikabisha. Mama Nuru akaagiza urojo, mabakuli mawili. Urojo ni mchuzi mzito wa njano wenye uchachu wa embe bichi na ndimu. Muuzaji alianza na viazi vilivyochemshwa, akatia bajia na kachori, akakata mshikaki mmoja ndani yake, akamwaga mchuzi, kisha chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizokunwa nyembamba, ambazo ni lazima uzile upesi kabla hazijalainika. Baba Nuru alikula bila kusema neno mpaka chini ya bakuli pakaonekana.

Walipokuwa bado wanakula, nyuma ya ukuta wa ngome sauti ya gitaa ikaruka, ikakatika, ikaruka tena. Mafundi mitambo walikuwa wanapima. Kazi hiyo ni ngumu zaidi mahali pa wazi kuliko ukumbini. Ukumbini dari na kuta huirudisha sauti kwa msikilizaji. Nje, sehemu kubwa inapanda angani na kupotea, na upepo wa bahari unaisukuma upande. Fundi lazima apange spika na kuipima kila ala, moja moja, huku akikumbuka kwamba uwanja ukijaa watu, miili yao na nguo zao zitameza sauti tena. Adhana ya magharibi ilipoanza msikitini, gitaa lilinyamaza. Watu wakaenda kusali. Kisiwa hiki ni cha Waislamu kwa sehemu kubwa, na anayekuja kwa ajili ya muziki anapaswa kuwaheshimu wenyeji kwa mavazi na kwa mwenendo, hata siku za tamasha.

Na ngome yenyewe? Kuta zake nene za rangi ya udongo zilianza kujengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa pwani hii mwishoni mwa karne ya 17; Fort Jesus ya Mombasa ilianguka mwaka 1698. Mahali hapa Wareno walikuwa na kanisa dogo. Tangu hapo ngome imekuwa kambi ya askari, imekuwa gereza, imetumiwa na reli iliyokuwa ikienda Bububu, na mwaka 1949 ikageuzwa klabu ya wanawake ya kuchezea tenisi. Ndiyo, tenisi, ndani ya ngome ya vita. Baadaye zikajengwa ngazi za kukalia kwa umbo la nusu duara, na kuta zilizokusudiwa kuzuia mizinga sasa zinazuia muziki usitoroke.

Walikaa ngazi ya tatu. Kundi la kwanza lilikuwa la taarabu. Jicho la Baba Nuru lilikwenda moja kwa moja kwenye kanuni, ala ya mbao yenye nyuzi zaidi ya 70, inayolazwa mapajani kama sinia na kudonolewa kwa kucha za bandia zilizofungwa vidoleni. Pembeni fidla, udi, akodiani, na ngoma ya dumbak. Mwendo wa wimbo haukuwa na haraka; ala zilitangulia muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Alipofungua, mama mmoja aliinuka kwenye safu ya mbele, akacheza polepole mpaka jukwaani, akamwekea mwimbaji noti mkononi, akarudi kitako. Huko ni kutunza. Nyimbo za taarabu zimejaa mafumbo, na anayeinuka kutunza kwenye ubeti fulani huenda ana mtu anayempelekea maneno hayo. Wote wanatazama na kila mmoja anakisia ni nani. Kwenye ubeti wa nne Mama Nuru naye aliinuka.

"Umemtunzia nani?" mumewe akamuuliza aliporudi.

"Aliyetaka kulala mpaka alasiri."

Kundi lililowainua wote kwenye ngazi, hata hivyo, lilikuwa la kidumbak. Kidumbak ni ndugu wa taarabu anayeishi mitaani, mwenye vyombo vichache na mwendo wa kasi. Kuna vigoma viwili vidogo, fidla moja inayokimbia mfululizo, mkwasa, yaani vijiti vya kugonga, cherewa za kutikisa, na sanduku. Sanduku hilo ndilo besi. Zamani lilikuwa sanduku la chai, lililokuja na meli likiwa na majani na likabaki mikononi mwa watu wasiotaka kulitupa. Baba Nuru alilitazama kwa jicho la seremala na akacheka kwa furaha: kitu kile angekitengeneza yeye mwenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Nanyi mnaweza. Tafuteni sanduku la mbao au debe kubwa, mligeuze kinywa chini, mliinue upande mmoja kwa jiwe ili sauti ipate pa kutokea. Toboeni tundu katikati, pitisheni kamba imara, mfunge fundo kwa ndani. Ncha ya pili ifungeni kwenye fimbo, na mguu wa fimbo uegemee ukingoni mwa sanduku. Mmoja avute fimbo kamba ikaze huku akiidonoa: ikikazwa sauti hupanda, ikilegezwa hushuka. Wa pili apige debe, wa tatu aimbe. Mkishakuwa tayari, iteni jirani zenu waje kusikiliza uani.